Kofia ya Omari na Fungu la Bi Zuhura

Safari hii sikuitaka. Nilikwenda Mombasa kwa sababu mtu aliyekufa alikuwa akifumua kazi yangu, na mimi ni mshona kofia, sina kazi nyingine. Nawaandikia ninyi jamaa wa Tanga mnaoniuliza mbona nililifunga duka siku nne bila kuaga.

Kabla sijahamia kwenu niliketi Mombasa miaka sita, baraza moja na rafiki yangu Omari, tukishona kofia za viua, zile za matundu madogo yaliyozungushiwa uzi. Mkono wake ulinipita, nakiri, na jambo hilo likiniuma. Alipofariki ghafla, kofia yake ya mwisho ilibaki pale barazani. Ukingo ulikuwa umekwisha, lakini duara la juu lilichorwa kwa penseli tu. Sijapata kuona mchoro kama ule. Matangani mjane wake, Bi Zuhura, aliniuliza, "Shemeji, Omari hakuacha kazi kwako?" Nikamwambia hakuacha. Kofia nikaitia katika mkebe wa biskuti, nikahamia nayo Tanga.

Nilitaka kuimaliza mimi, itoke kofia isiyo na mfano pwani nzima. Siku ya kwanza nikashona matundu manane, nikaenda kuswali adhuhuri. Kurudi, yote yamefumuliwa, na uzi umezungushwa kwenye njiti ya kiberiti, kama alivyozoea Omari. Nikamshuku paka. Kisha nikamshuku mke wangu, masikini, tukanuniana siku mbili. Nikatia kufuli, mambo yakawa yale yale. Na aibu yangu ni kwamba sikuacha. Mwaka mzima nikashona, nikafumuliwa, nikashona tena. Kofia za wateja nazo zilipoanza kufumuka, ndipo nikakata tiketi nikairudishe kwa Bi Zuhura.

Jumatatu alfajiri, stendi ya Tanga. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu Kenya ipate uhuru, na abiria walikuwa na maneno mengi ya siasa. Mimi napenda safari, hata yenye hofu. Nilipata kiti cha dirishani, na jirani yangu, mzee mnene wa Pongwe, alinimenyea machungwa njia nzima.

Saa nne, mpakani Lungalunga. Wakati wakaguzi wanapekua mizigo nilikaa kwenye benchi, na mkono ukaniwasha. Nikashona matundu matatu. Ndiyo, naipeleka kwa mwenyewe, na bado naishona! Nikafunga mkebe, nikaupakata, nikanywa chai. Nilipoufungua, matundu hayapo. Nikaugusa uzi juu ya njiti. Ncha yake ilikuwa imelowa, kama imetoka sasa hivi mdomoni mwa mtu anayetaka kuitia katika tundu la sindano. Chai ilinitoka puani. Sikushona tena.

Saa nane, kivuko cha Likoni. Kuuona mji kulinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Nikapita Makadara, nikaingia vichochoro vya Mji wa Kale, kahawa inanukia, watu wananiamkia kwa jina. Mizigo nikaiacha kwa binamu yangu Kibokoni, mkebe nikaenda nao.

Bi Zuhura alinikaribisha ukumbini, mlango wazi, akakaa upande wa pili.

"Tanga hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mkeo?"

"Hajambo, akusalimu."

Akaleta mbaazi na mahamri. Nilikula mahamri manne kabla sijapata ujasiri, na matamu kweli. Kisha nikafungua mkebe na kumweleza yote, uongo wa matangani na kufumuliwa.

Aliitoa kofia mkebeni. Akapitisha kidole juu ya duara lile tupu.

"Hili ndilo fungu langu," akasema. "Kila mwaka yeye hushona ukingo, nami nashona juu, aivae Idi. Hukujua?"

"Nilijua, shemeji."

"Wajua, kisha waichukua?"

"Niliona mkono wako utaiharibu."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini hilo ndilo lilikuwa kweli.

"Basi nikwambie nilivyodhani mimi," akasema. "Niliitafuta kofia hii nyumba nzima. Haimo humu, na kwako haiko. Nikasema ana mke mwingine kando, ndiye aliyepewa fungu langu. Mwaka mzima namwonea wivu mwanamke nisiyemjua. Watu wakimtaja Omari, wasema Mungu amrehemu. Mimi nanyamaza. Ulimi wakataa."

Nililia mbele yake, sioni haya kuandika. Akaniacha nilie, kisha akaomba sindano.

Jumanne na Jumatano nilirudi kila asubuhi na kukaa pale mlangoni. Alishona vibaya, Mungu anisamehe. Tundu moja pana, jingine limekwenda upande. Vidole vyangu vilitaka kumpokonya, nikavikalia. Kila aliporudi kutoka kuswali niliitazama kofia nikiwa na hofu. Hakuna mshono hata mmoja uliofumuka.

Jumatano alasiri alikata uzi kwa meno, akaishika kofia kwa mikono miwili. "Omari," akasema taratibu, "Mungu akurehemu, mume wangu." Akairudia dua hiyo mara tatu, akitabasamu. Akaniambia amenisamehe, akanifungia mahamri ya njiani.

Alhamisi nikapanda basi la kurudi, nimeshiba na roho imetulia. Nilikwenda nikidhani nimeiba kofia. Kumbe nilimnyima marehemu dua ya mkewe mwaka mzima, naye hakuwa na njia ya kuidai ila kufumua.