Haiti ya Ng'ambo ya Korongo

Mimi niliacha shule darasa la tatu, lakini siasa za nchi za nje nazijua. Mwaka ule niliziendesha mwenyewe kutoka jikoni kwangu, Endabash.

Mume wangu alikuwa amepika miaka mingi kwenye kambi ya watalii kule kreta, kwenye wanyama. Alirudi nyumbani na redio ya betri na imani kwamba anawajua Wamarekani kuliko wanavyojijua. Kila jioni wanaume wa jirani walijazana uani kwangu, wakasikiliza habari na kumaliza chai yangu. Habari zilikuwa Haiti. Majenerali walikuwa wamemfukuza rais aliyechaguliwa, naye akaishia Amerika, na serikali ya Amerika ilikuwa inakuna kichwa: iwawekee majenerali vikwazo, izungumze nao, au ipeleke jeshi? Mwaka huohuo wakimbizi wa nchi jirani walikuwa wanamiminika Ngara, wakikimbia mauaji kwao. Ngara ikitajwa, watu waliangalia chini. Haiti ilikuwa mbali, tuliweza kuipigia kelele.

"Mmarekani akae kwake," mume wangu alisema. "Nyumba ya watu inamhusu nini?"

Ndipo binti yangu wa kwanza akaingia uani na mfuko wa nguo. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya korongo, karibu kiasi kwamba moshi wa jiko lake niliuona. Mumewe alikuwa Mererani akichimba madini. Huku nyuma shemeji zake watatu, misuli ya fahali na akili ya kuku, walimwambia atoke, nyumba na shamba ni vya ukoo. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni anachambua mboga, hakuinua hata uso. Watoto watatu wakabakizwa huko. Na mvua zilikuwa karibu. Wale wakishapanda lile shamba, binti yangu hatalikanyaga tena.

"Baba watoto," nikamwambia, "majenerali wako hao, hapo ng'ambo."

"Tusiingilie. Tumsubiri mkwe arudi."

"Atarudi akute maharage ya ndugu zake yameshachanua."

Nikaanza na vikwazo. Kwetu ng'ombe wako wote huwaweki boma moja. Mmoja unamweka kwa mtu unayemwamini, yeye anakunywa maziwa, ng'ombe na ndama wanabaki wako, na mkikosana unamchukua. Ng'ombe wangu mwekundu alikuwa kwa wakwe hao. Nikavuka korongo asubuhi, nikamfungua kamba mbele ya yule mama.

"Mkwe wangu, unaniondolea ng'ombe?"

"Simwondoi. Namwita nyumbani."

"Na chai yangu je?"

"Kunywa ya rangi. Utazoea."

Nikarudi najiona serikali kamili. Katikati ya korongo nikasikia vishindo vidogo nyuma yangu. Wajukuu zangu! Mkubwa amembeba mdogo mgongoni, wa kati ameshika kikombe.

"Mnakwenda wapi?"

"Tunamfuata ng'ombe, bibi."

Wana akili hao. Zimetoka upande wangu.

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Si umeona? Hata Haiti ni hivyohivyo! Vikwazo vinawabana watoto, majenerali wanashiba. Watu wakikimbia na mashua, Wamarekani wanawadaka baharini wanawarudisha."

"Mimi wangu sirudishi," nikasema, nikakijaza kile kikombe.

Keshoye shemeji wakaleta salamu kwamba watoto ni wa ukoo na warudi haraka. Jioni tukaona vumbi ng'ambo: wameshafunga maksai, wanalima lile shamba. Binti yangu alisimama ukingoni mwa korongo akiangalia, hakulia, na hilo ndilo lililonichoma. Nikachukua fimbo.

"Ngoja kwanza, mama," mume wangu akasema. "Kesho nitakwenda kuzungumza nao."

Asubuhi akavaa koti lake jeupe la upishi, lile lenye vifungo viwili viwili, akawachukua wazee wawili wakaenda kama ujumbe wa taifa. Nilimwahidi nitangoja. Sikusema nitangoja nimekaa.

Maana tuna desturi. Mwanamke akionewa, wanawake wote wanatoka na fimbo na nyimbo, na hawarudi mpaka aliyekosa ametozwa fahali. Akikataa, hakuna mwanamke atakayempa moto, chumvi wala binti wa kuoa. Na kati ya majenerali wangu, wawili walikuwa hawajaoa.

Yaliyotokea kule kwa shemeji kabla hatujafika nilisimuliwa baadaye. Wazee walizungumza mpaka midomo ikakauka, wakapata kibuyu cha pombe ya mtama tu. Shemeji mdogo akatoka kukojoa, akarudi mbio.

"Wamama wanakuja!"

"Wangapi?" kaka yake akauliza.

"Wote."

Mazungumzo yakawa mepesi kuanzia hapo.

Tulipofika, fimbo juu, mume wangu alikuwa getini na koti lake, kibuyu mkononi. "Rudini! Tumeshakubaliana! Nyumba yake, shamba lake, na fahali wanatoa!"

"Tumepanda korongo lote lile tugeuze?" jirani yangu akamwuliza. "Sogea, mpishi."

Tukaingia, tukanywa pombe ya adui na kucheza mpaka kuku wakahama. Yule mama mkwe aliinuka, akamwekea binti yangu mwiko mkononi. "Ugali unaungua, mwanangu." Binti yangu akainama akasonga.

Siku hizohizo redio ikasema mzee mmoja wa Amerika, rais wao mstaafu aliyetumwa kupatanisha, alikuwa bado amekaa na majenerali wanazungumza, kumbe ndege za jeshi zimeshapaa, majenerali wakakubali. Baadaye rais akarudishwa kwake. Mume wangu akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Nani alikufundisha?"

"Nilifundishwa na nani? Wao ndio walinichungulia."

Wamarekani waliacha askari kule Haiti ili mambo yasirudi nyuma. Mimi nilimrudisha ng'ombe mwekundu kwa wakwe. Kila wiki nilivuka korongo kumkagua, nikampapasa chuchu, nikahesabu wajukuu, nikamwangalia binti yangu akipalilia maharage yake. Shemeji walinikaribisha chai ya maziwa, wakanivutia kigoda kabla sijasema hodi.