Niandike na Mimi

Hili ninalotaka kuwaandikia hamtaliamini, wala sitawanunia. Mimi mwenyewe niliyeacha shule darasa la sita (au shule iliniacha, tusibishane) nilipolisikia nilicheka mpaka nikapaliwa. Lakini mhusika ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, na damu ile naijua. Nasema hivi: mwalimu wa miaka ishirini na sita aliwatuliza watoto hamsini na nne wa darasa la tatu, katika wiki ya mwisho ya mwaka, bila fimbo, bila peremende, bila kupaza sauti. Nyie wenye watoto wawili tu nyumbani mnaelewa ninachosema.

Wasioijua wiki hiyo niwaeleze. Mitihani imekwisha. Vitabu vimehesabiwa, vimefungwa kamba, vimerudi stoo. Madaftari yamejaa mpaka jalada la nyuma. Michoro imebanduliwa ukutani, yamebaki madoa ya gundi. Na mtoto wa miaka tisa si mjinga. Anajua alama zimeshaandikwa, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Ukimtisha kwamba utampunguzia alama, anakutazama kama wakili anavyomtazama shahidi aliyesahau tarehe.

Darasa lenyewe lilipakana na ofisi ya mwalimu mkuu. Kati yao hapakuwa na ukuta wa kueleweka, palikuwa na mbao nyembamba, ukipiga chafya huku, kule wanakwambia "afya!"

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu akamwita.

"Kaa, Mwalimu. Nimeona umeomba upande na watoto wako mpaka la nne."

"Ndiyo, Mkuu."

"Wiki iliyopita nilikuwa kwenye simu na afisa elimu. Akaniuliza kama niko sokoni."

Mpwa wangu akatazama viatu vyake.

"Ijumaa napanga walimu wa mwakani," mkuu akaendelea. "Nikisikia zile kelele tena kabla ya Ijumaa, la nne nampa mwenzako."

Mwenzako huyo ni mwalimu wa nidhamu, mwanamume mwenye kifua na sauti ya kutikisa vioo, ambaye shule nzima humwita Radi akiwa hayupo. Darasa la Radi huwa kimya kama kabati. Ubaya wa kabati ni kwamba hata ukiliuliza swali halijibu.

Lakini mpwa wangu alipotoka ofisini hakuwa akimuwaza Radi. Alikuwa akimuwaza Redio.

Redio ni binti wa mstari wa tatu, dirishani. Wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa huwashwa kengele ya asubuhi na kuzimwa kengele ya kwenda nyumbani. Alipokuwa la pili kila mtu aliamini anasoma vizuri, mpaka siku mpwa wangu alipomfunulia kurasa mbili kwa mpigo, na mtoto akaendelea kusoma ukurasa uliorukwa, neno kwa neno. Kumbe alikuwa akikariri sauti za wenzake! Tangu siku hiyo walianza upya, herufi moja moja, kidole kwenye mstari, kwa sauti kubwa. Mwaka na nusu. Na bado Redio hawezi kusoma ila kwa kusikia sauti yake mwenyewe. Mweke kwa Radi, mwambie "kimya!" siku tatu mfululizo, atafunga mdomo, na kusoma kutafungwa humohumo. Hicho ndicho kilichomkosesha mpwa wangu usingizi, si cheo.

Jumanne alifanya wanachofanya walimu wote duniani. Alikuwa na rejista ya kupeleka, akamwachia kiranja chaki aandike majina ya wapiga kelele. Orodha hiyo sote tunaijua. Mimi zama zangu nilikaa kileleni mwake mwaka mzima, na neno "sana" mbele ya jina, mpaka wageni wakadhani ni orodha ya mahudhurio.

Aliporudi, dakika kumi hazijatimia, alikuta majina hamsini na matatu ubaoni. Aliyekosekana ni kiranja mwenyewe, naye ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote, akiuliza majina yanaandikwaje. Na watoto walikuwa wamempangia foleni.

"Niandike na mimi!"

"Umeniandika 'sana' moja, mwenzangu ana mbili! Niongeze!"

"Jina langu lina h, wewe! Usiniharibie!"

Kutoka upande wa pili wa mbao ikasikika kalamu: ko, ko, ko. Mkuu anabisha, onyo la mwisho.

Mpwa wangu akasimama katikati, akakunja mikono. Foleni ikavunjika, kila mtu mahali pake. Isipokuwa Redio, aliyekuwa ameinamia dawati na sindano ya bikari mkononi, ulimi nje.

"Unafanya nini?"

"Naandika jina langu, Mwalimu."

"Kwenye dawati la shule?"

"Daftari limejaa. Ukutani umebandua. Ubaoni kiranja atafuta." Redio akapuliza unga wa mbao. "Sasa mwakani nani atajua kwamba mimi nilikaa hapa?"

Mpwa wangu alikuwa na maneno tayari, makali, yale yanayoanza na "hivi wewe una akili". Akayameza. Akatazama kuta zenye madoa ya gundi. Akatazama ubao, majina hamsini na matatu yamebanana mpaka kwenye fremu, mengine yameandikwa wima kwa kukosa nafasi. Hakuna hata mmoja aliyeona haya kuwemo. Akachukua bikari, akaiweka mfukoni, asimwadhibu mtu.

Jioni alipita kwangu. Nikampa ushauri wa maana sana, ambao hakuutumia. Alikaa mezani akikata kwa rula karatasi za mitihani ya zamani zilizo tupu upande wa pili. Akahesabu hamsini na nne, na kumi za watakaokosea.

Jumatano akaingia na karatasi zake, akasema kwa sauti ya chini kabisa, mpaka waliokaa nyuma wakalazimika kunyamaza ili wasikie.

"Mwakani, mtoto wa la pili atakaa hapo ulipokaa wewe. Hakujui. Hajui dawati lako lina kasoro gani. Mwandikie barua. Juu kabisa weka jina lako kamili. Tutaibandika chini ya dawati, na atakayeisoma ni yeye peke yake."

"Na jirani yangu?"

"Hapana. Ni siri."

"Na wewe, Mwalimu?"

"Mimi pia sisomi, mpaka uniruhusu."

Jamani, siri! Hapo ndipo nilipovua kofia. Ukimwambia mtoto anyamaze, umempa amri ya kuvunja. Ukimpa siri, yeye mwenyewe anageuka askari. Wakajenga ngome za mifuko katikati ya madawati. Mkono mmoja unaandika, mwingine unafunika. Asiyejua neno alinyata mpaka mbele, akamnong'oneza Mwalimu sikioni, "Msumari unaandikwaje?" naye akanong'onezwa jibu. Kilichosikika ni penseli tu, kama kuku wengi wanadonoa bati kwa adabu.

Mpwa wangu akatazama dirishani. Redio alikuwa akiandika, anasoma alichoandika, anafuta, anasoma tena. Midomo inacheza. Sauti haitoki. Mwaka na nusu hajawahi kuona kitu hicho. Ilibidi ageukie ubao mtupu, ajifanye anasoma.

Alhamisi walikuwa wakinakili kwa mwandiko safi pale mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Mwalimu mkuu, na nyuma yake Radi.

"Mwalimu, watoto umewapeleka wa..." Mkuu akawaona. Wote hamsini na nne. "Aa. Wapo."

"Wapo, Mkuu."

"Tangu jana sisikii kitu. Nilijua umewaruhusu waende nyumbani. Wanafanya nini?"

"Wanaandika barua."

"Hebu nione moja."

Mpwa wangu alijua vizuri aliyesimama mbele yake ni nani, na Ijumaa ni kesho.

"Samahani, Mkuu. Siwezi kukupa. Niliwaahidi kwamba ni siri."

Radi akakohoa kile kikohozi cha mtu anayeona la nne likimjia lenyewe. Mkuu akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Watoto wakaacha kuandika.

"Mimi namruhusu," ikasema sauti ya dirishani. Redio alikuwa ameshasimama. Akaweka kidole kwenye mstari, akavuta pumzi, akasoma kwa sauti ya kufika getini:

"Wewe utakayekaa hapa. Dawati hili lina msumari upande wa dirisha. Ulinichania sketi mara mbili. Ukikaa, kaa hivi. Mimi nilikuwa sijui kusoma, nilikuwa nadanganya. Kama na wewe unadanganya sema tu, haiumi. Usome kwa sauti. Wakikucheka, Mwalimu anawatazama tu, wanaacha. Mwalimu akikunja mikono hajakasirika, anahesabu. Akifika kumi ndio ukimbie. Lakini wewe hutamkuta, usimtafute. Tunaondoka naye."

Darasa zima likaitikia kwa vichwa. Mkuu akamgeukia mpwa wangu.

"Umewaambia wewe?"

"Sijawaambia hata neno, Mkuu."

"Na wewe umeandika hivyo?" mkuu akamuuliza wa mbele. Wa mbele akafunika barua yake, lakini kichwa kikasema ndiyo. Wa pembeni yake hivyohivyo.

"Mkuu," Radi akasema, "na hizo si kelele? Zimesikika mpaka jikoni."

"Hizo?" Mkuu akamtazama Redio, ambaye kidole kilikuwa bado kwenye mstari wa mwisho. "Hapana, Mwalimu mwenzangu. Huko ni kusoma." Akafunga mlango taratibu, kama anatoka wodini.

Ijumaa mchana, chumba cha walimu, akasoma orodha ya mwakani, darasa kwa darasa. Alipofika la nne alilitaja jina la mpwa wangu, la mtoto wetu, wa ukoo huu huu mnaouona, akaendelea na la tano. Basi chumba kikalipuka! Walimu wakapanda juu ya meza, mkuu akavua tai akaipeperusha kama bendera, na Radi, mwanamume mzima na kifua chake, akaangua kilio mpaka wakamletea ndoo, akapiga magoti mbele ya mpwa wangu, akamwambia, "Mwalimu, nifundishe na mimi, maana tangu nizaliwe sija—"

"Mjomba! Radi alilia lini? Alisema hongera, akaendelea kunywa chai yake. Lete hiyo kalamu."