Mtu Aliyezirudia Chati Zangu

Siku metroni alipotuita ofisini kutuuliza tunajisikiaje, nilijua kuna mtu anataka kuondolewa. Nimefanya uuguzi miaka kumi na tisa, na sijawahi kuona mkubwa anayetaka kujua ninavyojisikia bila kuwa na barua ya uhamisho kwenye droo. Akatugawia karatasi. Hazina majina, alisema, jazeni kwa uhuru. Tulikuwa wauguzi saba, na mwandiko wa kila mmoja unajulikana hadi na mfagizi. Nikaandika kwamba nalala vizuri, nakula vizuri na kazi naipenda. Mwenzangu wa kushoto alichungulia, akanakili.

Uongo mtupu. Kituo chetu kiko kando ya barabara ya Bagamoyo, hujafika Boko, na wodi ya wazazi ina vitanda kumi na viwili kwa wauguzi wawili. Usingizi ulikuwa umenikimbia. Nyumbani binti yangu akiniomba hela ya daftari namjibu, "Vumilia kidogo, mama, daktari anakuja." Alicheka mara ya kwanza. Mara ya tatu hakucheka, akaenda kukopa kwa jirani. Mimi nikaona kila mtu ananitafuta ubaya, hata mtoto wangu.

Halafu akaletwa huyu mwenzangu mpya kutoka bara. Mpole, na mimi mtu mpole kupita kiasi namwogopa. Shikamoo dada, pole dada, kaa kidogo dada. Kila asubuhi ananiletea chai ya maziwa na andazi lililofungwa kwenye gazeti. Nani anamletea mwenzake chai bila sababu?

Tuligawana vitanda, sita kwake na sita kwangu. Mashine ya presha ilikuwa mbovu, kwa hiyo mapigo ya moyo tulikuwa tunahesabu kwa mkono, umemshika mzazi kwenye kifundo cha mkono huku unaangalia saa ya ukutani. Nikaanza kuona kitu. Nikimaliza upande wangu, yeye anapita nyuma yangu. Anamshika mzazi wangu mkono, anaangalia saa, anatoa kijitabu mfukoni, anaandika. Nikigeuka, anapanga mashuka.

Nikaacha kunywa chai yake. Naipokea, nasema asante, namwaga kwenye sinki. Siku moja nikajibanza nyuma ya pazia mpaka akatoka, nikaichukua chati ya kitanda cha nne. Namba yangu, mia na kumi, imekatwa kwa mstari mmoja. Juu yake themanini na mbili, na sahihi yake. Nikafungua ya tano, ya sita. Zote hivyo hivyo. Damu ilinichemka. Nikajua sasa karatasi zile zilikuwa za nini, na nani ananichimba.

Sikumwambia kitu. Nilingoja saa nane mchana, wakati wa kukabidhiana zamu, watu wote wamesimama pale mezani.

"Metroni," nikasema, "huyu anachezea chati zangu. Nataka aseme hapa hapa katumwa na nani."

Mwenzangu aliinamisha kichwa. Metroni akaagiza chati zote sita, akazisoma namba zangu zilizo chini ya ile mistari. Mia na nane. Mia na kumi. Mia na kumi na mbili. Alisoma polepole mpaka ya mwisho.

"Wazazi sita wametoka kujifungua, mapigo yanakimbia hivi, wote," akasema. "Na daktari hukumwita?"

Mzazi ambaye mapigo yake yamevuka mia huenda anavuja damu ndani. Hilo mwanafunzi analijua. Mimi nilikuwa naandika na kwenda mbele, wala sisomi nilichoandika. Siku mzazi mmoja angevuja kweli, namba yake ingefanana na za wenzake, nami ningempita. Lakini hata hapo nilibishana.

"Sikupika!" Kupika ndivyo tunavyoita kuandika namba ambayo hukuipima. "Wallahi nilihesabu, dakika nzima kwa kila mmoja."

"Haya, nihesabu mie," metroni akasema, akanyoosha mkono wake mezani.

Nikamshika. Dakika ikapita.

"Mia na kumi na nne."

"Umenishika na kidole gani?"

Nikatazama. Kidole gumba. Somo la mwaka wa kwanza kabisa: usihesabu kwa kidole gumba, kina mapigo yake yenye nguvu, utajihesabu mwenyewe. Nimewafokea wanafunzi kwa kosa hilo mpaka wakalia. Sijui nilianza lini. Nadhani mkono ulichoka ukashika tu. Wiki zote zile nilizunguka vitandani kwa wake za watu nikiandika moyo wangu.

Nikamgeukia mwenzangu. Aibu ilikuwa imenijaa, ila wasiwasi haukuwa umeisha.

"Na kijitabu? Unampelekea nani?"

"Hakuna, dada." Akakitoa, akanipa.

Nilitegemea kukuta majina ya wazazi. Hayakuwapo. Kulikuwa na tarehe, na mbele ya kila tarehe namba moja tu. Tisini na sita. Mia na moja. Mia na tano. Mia na kumi. Zilikuwa za moyo wangu, zimetolewa kwenye chati, zimepangwa kama tunavyompangia mgonjwa anayeangaliwa kwa karibu.

"Nilikuona unashika kwa gumba, nikaogopa kukwambia, wewe mkubwa wangu," akasema. "Wazazi nilikuwa nawarudia ili wasipate shida. Wewe nilikuwa nangoja mapigo yako yashuke."

"Na wewe nitakuuliza kwa nini ulikaa kimya," metroni akamwambia. Kisha akaniambia nikae. Akavuta mkono wangu, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo, akainua macho kwenye saa.

"Hii inaandikwa kwenye faili langu?" nikauliza. "Ndo mnanihamisha?"

"Nyamaza," akasema. "Nahesabu."

Machozi yalianza kabla hajafika thelathini.