Sahani za Mama Darini

Jamani, nichekeni tu, maana hata mimi mwenyewe mpaka leo nikiingia jikoni kwetu Mwika natazama chini kama mwizi.

Mama alipofariki, mimi kitindamimba niliachiwa nyumba, kihamba chetu cha migomba na kahawa, na kabati lake la vyombo: sahani kumi na mbili za udongo zenye maua ya bluu, na bakuli moja, vyote alivinunua kwa pesa ya kahawa enzi zile kahawa ilipokuwa kahawa. Nilivipenda, acheni! Plastiki zilikuwa zimejaa sokoni Kiboriloni, mke wangu akanunua, tukawa tunakula humo, na vile vya mama nikawa navifuta vumbi mwenyewe kila Jumapili (ndiyo, mwanamume mzima na kitambaa mkononi).

Dada yangu Fransiska, aliyeolewa Tarakea, aliniomba kitu kimoja tu. "Nipe lile bakuli. Mama alininywesha uji humo nilipougua surua." Ningempa yakaisha. Lakini choyo ni kitu kibaya, nikamjibu, "Dada, kabati lilianguka, vyote vikavunjika." Akalia, na mimi (Mungu anisamehe) nikampa pole.

Ikafika misa ya kumkumbuka mama, dada akatuma salamu kwamba anakuja mapema kupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kiwewe kikanishika, nikavitia vyombo kwenye gunia, nikapanda nalo darini kwenye jiko la nje, tunapoivishia ndizi za mbege, nikalifukia kwa majani makavu ya mgomba. Nilijipangia kwamba ndizi nitazishusha mwenyewe kesho yake. Dada akafika, nikamwamkia vizuri tu, nikaondoka kwenda kusaga ulezi.

Kurudi nakuta wameona ndizi zimeshaiva, dada yuko juu ya ngazi, akina mama watatu wa jumuiya wanapokea mikungu chini, na yeye ameshika yale majani, anavuta. Ningesema tu, "Dada, taratibu!" Lakini nikaona wataniuliza taratibu ya nini, nikasimama pale mlangoni na ulezi wangu begani, nikiomba gunia lisije.

Likaja.

Liliangukia kwenye mafiga, likapasuka, maua ya bluu yakatapakaa majivuni, na mama mmoja akasema, "Yesu wangu! Si vyombo vya marehemu hivi?" Dada akashuka polepole, akaokota kipande cha bakuli, akakifuta kwa kanga yake. Nilitamani ardhi inimeze.

"Dada, nisamehe."

Hakunifokea. "Si uliniambia vimevunjika, mdogo wangu? Haya, leo umekuwa mkweli."

Mbege aliipika yote, watu wakanywa wakasifu, na baada ya misa akaondoka na kile kipande. Krismasi ya nne hii hajakanyaga Mwika (na Wachagga mnajua maana ya mtu kutokuja kwao Krismasi). Barua zangu hajibu. Kabati bado ninalo, tupu, na sithubutu hata kulifuta vumbi. Siku akija, akiniomba hata mlango wa nyumba hii, nitaung'oa nimpe.