Babu na maji ya mchicha

Jamani, leo nimemfumania babu nyuma ya jiko na kikombe!

Babu anaumwa figo. Nesi alituagiza mchicha wake tuuchemshe, maji tumwage, ndipo ale.

Wiki nzima babu anamwambia mama, "Lete nikamwage mimi, mwanangu."
Tukamsifu kwa kutusaidia!

Kumbe anayanywa. Na chumvi ametia!

"Babu! Madini yanayokudhuru yamo humo humo!"

"Nilikuwa mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa hapa Kisanga. Nilikataza watu kumwaga mchuzi wa mboga, maana ndimo zilimo vitamini. Leo nimwage mimi?"

Mama akaanza kulia.

Babu akamtazama, akaweka kikombe chini taratibu.
"Basi mwanangu, nyamaza. Nimejiuzulu."

Kesho tunampeleka Kilosa akapimwe damu. Mwombeeni, halafu mniambie: nyie wazee wenu mnawalindaje?