Tonge la Kwanza la Uyoga

Juzi nilirudi Lubumbashi na binti yangu, siku tano tu, mfuko ukiwa mwepesi kama kawaida yangu. Kwenye barabara ya kutoka uwanja wa ndege wa Luano mvua ilikuwa imekatika, na akina mama walikuwa wamepanga bowa juu ya majani mabichi, mafungu kwa mafungu. Bowa ndio uyoga, ndugu yangu, kama kwenu mnauita hivyo. Harufu ile ya udongo mbichi iliponifika, nilisimama, wala haikuwa kwa njaa.

Nilikuwa na miaka minane nilipoingia mji huu mara ya kwanza. Nilimsindikiza kambo, nyanya yangu mzaa mama, aliyekuja kutibiwa macho, na mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Tulilala katika chumba kimoja cha uani kule Bel-Air. Migahawa ya Golf, mtaa wa matajiri, tuliijua kwa harufu tu, tukipita. Lakini kambo hakukubali kwamba mgeni asiye na kitu lazima ale vibaya. Alinunua sombe, majani ya muhogo, jioni, wauzaji wakiwa na haraka ya kurudi kwao, na vichwa vya samaki ambavyo wenye nyumba kubwa walivikataa. Mchuzi wake ulitufanya tulambe vidole. "Mu muji hakuna njaa," alikuwa akisema, "iko buvivu tu."

Mvua zilipoanza, akataka bowa. Sokoni aliinama, akanusa, akapapasa, kisha akaniuliza: "Angalia muzuri, mama. Yote iko rangi moja? Hakuna ya mweupe ndani?"

Macho yangu yalikuwa kwa mama aliyekaanga mikate pembeni. Nikajibu bila kugeuka, "Yote iko moja, kambo."

Nyumbani aliuosha kwenye beseni, akaupika na karanga za kusaga. Jirani yetu, mama mmoja wa Kasai aliyetuazima mbabula, jiko la makaa, alichungulia sufuria akarudi nyuma. "Kambo, miye bowa ya mu soko siwezi kula. Bantu balikulaka, asubui habakuamuka."

Nikaenda kumwaga maji ya beseni. Chini, kwenye matope, nikaona kipande cheupe pee, shina nene, kisichofanana kabisa na ule wa manjano tulionunua. Ningesema. Lakini niliogopa kofi, niliogopa pia chakula kizuri vile kumwagwa, basi nikakitupa chooni nikanyamaza. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Kwetu bowa una sheria yake: mkubwa hula kwanza, watoto wanangoja. Kambo akakata tonge la bukari, ugali wetu, mkono ukimtetemeka. Nikadhani ni uzee. Akachovya, akala, akasukuma sahani mbali nami.

"Ngoya kwanza. Kivuli ya ukuta ikifika pa mulango, utakula."

Sijawahi kuona kivuli kivivu kama kile. Kambo akikohoa, nakohoa naye. Akishika tumbo, najishika langu. Nilijiuliza nitamwambia nini mama yangu, na nitarudije kijijini na maiti. Kisha kambo akaegemea ukuta, akafumba macho. Nikamrukia huku nikipiga kelele, nikamwambia yote: mikate, kipande cheupe, choo.

Akafumbua macho, akanipapasa uso. "Kale ka mweupe, miye njo nilikatosha, nikakaacha mu beseni. Vidole yangu ingali inaona." Akanifuta machozi. "Nilijua haukuangalia."

"Sasa juu ya nini ulikula?"

"Juu kama iko ingine ilibakia, inipate miye, hapana weye."

Kivuli kilipofika mlangoni tulikula. Sikumbuki kula kitu kitamu zaidi, ingawa nilitia chumvi kwa machozi yangu.

Leo kambo hayupo. Chumba cha uani kimevunjwa, pamejengwa ghorofa, na sijamwona mtu anayengoja kivuli kabla ya kula. Juzi nilinunua fungu moja, nikageuza uyoga mmoja mmoja, mara tatu, kisha nikaupika na karanga. Binti yangu, mwenye njaa yake, akanyoosha mkono kwenye sahani. Nikauzuia.

"Ngoya kwanza."

Nikakata tonge, nikachovya. Mkono wangu ulitetemeka, na mimi bado sijazeeka.