Katoni ya Watakatifu

Shangazi yangu anayeishi mtaa wa Karen alirudi kutoka kuhiji Italia na mfupa wa mtakatifu. Ndiyo, mfupa! Kipande kama ukucha, ndani ya kibati chenye kioo, kimefungwa kwa uzi mwekundu. Jumuiya yetu ya Kikatoliki ya Uthiru ikakipokea kwa vigelegele. Kikawa kinazungushwa nyumba hadi nyumba, na kila kinapolala lazima kipikiwe kama mgeni. Nami nikajiuliza, mtakatifu huyo anakula chapati kwa mdomo gani?

Ningecheka tu yakaisha, lakini mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishamwonya kwamba asipopasuliwa mapema atakuwa kipofu. Mama akaikataa hospitali.

"Subiri kwanza, mwanangu. Masalia ya mtakatifu hayajamaliza kazi."

Kila jioni, popote kilipolala, shangazi alikipitisha kwetu kile kibati akambandika mama machoni, na kila asubuhi mama alipapasa meza akitafuta kikombe kilicho mbele yake.

Siku moja niko madukani Ngara nikitafuta vifungo vya nguo, nikaviona. Vibati vilevile, kioo kilekile, uzi uleule, vimerundikwa kando ya tasbihi na rozari. Nikamuuliza mwenye duka, mzee wa Kiislamu kutoka Lamu, kama kilicho ndani ni mfupa.

"Mfupa wa nani, mwanangu? Plastiki hiyo. Chagua, nina katoni nzima."

Nikanunua kimoja. Jumapili, zamu yetu ya kukilaza kibati, jumuiya ilipokusanyika kwetu nikaviingiza vyote viwili chini ya kitambaa cha meza, nikavichanganya, kisha nikakifunua kitambaa.

"Shangazi, chukua chako."

"Wewe! Usiguse hiyo kitu na mikono chafu!"

Akanyakua cha kushoto. Akakigeuza. Akakirudisha, akashika cha kulia. Akina mama wa jumuiya wakainamisha vichwa. Mwishowe mheshimiwa shangazi akavibusu vyote viwili, asije akakosea. Loo, imani hiyo!

Mama akanyoosha mkono, akavipapasa kimoja kimoja.

"Wewe una macho mazima na hukijui," akamwambia shangazi. "Na mimi nimekipa yangu mawili."

Kisha akageuka kuniambia nimpeleke hospitali kesho yake. Alikuwa akiongea na kiti kilichokuwa tupu; mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza.